Mungu Aliniokoa na Ule Mstari wa Kwenye Simu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mimi wa kwanza, maana leo nimesimama hapa mbele sina habari ya faida, sina cha kuwaonyesha mkononi, na bado nina furaha kuliko siku zote mlizowahi kuniona mahali hapa.

Wengi mnanijua. Kwa wageni waliotutembelea, mimi ni Mama Nadine, mshonaji wa sare za shule. Karakana yangu iko hapa hapa katika mtaa wetu huu uitwao Kenya, nyuma ya soko: cherehani nne na kelele nyingi, na kelele zilizo nyingi zaidi ni zangu. Mume wangu, Baba Nadine, anaendesha trakta ya kuvuta mizigo kule Luano, uwanja wa ndege. Amebakiza miaka saba tu waanze kumwambia asante mzee, pumzika nyumbani.

Watu husimama hapa wakasema Mungu aliwatoa kwenye ugonjwa, kwenye pombe, kwenye mikono ya wachawi. Mimi Mungu amenitoa kwenye mstari. Msicheke! Ni mstari mdogo wa kijani ndani ya simu. Unapanda, unashuka. Na kwa miaka minne mimi niliishi chini yake kama mtu aliyefungwa kamba shingoni.

Acheni nianze na baba yangu mzazi, ndipo mtanielewa. Baba alifanya kazi kwenye kampuni ya shaba tangu ujana wake. Siku kampuni ilipowaaga wazee, alipewa malipo yake ya mwisho yote kwa mkupuo mmoja. Baba akanunua basi dogo la abiria. Akalipaka rangi, akaandika jina la mama yangu kwenye kioo cha nyuma, tukalisindikiza kwa nyimbo. Basi lile halikumaliza mwaka. Leo breki, kesho injini, kesho kutwa dereva haonekani na mapato ya wiki hayaonekani. Baada ya hapo baba yangu alizeeka akizunguka kwenye nyumba za watoto wake, wiki hii kwangu, wiki ijayo kwa dada yangu, na mfuko wake wa plastiki wenye mashati mawili. Nilikuwa namwekea sahani ya bukari, ugali wetu, naye anakula akiangalia chini. Mtu aliyetulea watoto sita! Nilijua anaona haya, na sikujua nimwambie nini. Siku tuliyomzika niliapa moyoni kwamba mimi na mume wangu hatutakula hivyo, kamwe.

Basi niliposikia kwamba benki moja mjini inawawekea watu akiba katika mifuko ya uwekezaji, nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda kuuliza. Nilipokewa na Bwana Ilunga, mtu mpole, mwenye miwani na subira. Alinieleza kwamba watu wengi wanatia fedha zao ndani ya mfuko mmoja, na mfuko ule unanunua vipande vya makampuni mengi, mamia kwa mamia, huko ng'ambo. Kuna mfuko ambao wataalamu wanakaa na kuchagua, kampuni hii ndiyo, ile hapana. Na kuna mwingine ambao hauchagui, unafuata orodha nzima ya makampuni, na kwa sababu hauchagui, gharama yake ni ndogo. Mimi nikaelewa kwa akili yangu ya kimama kwamba ni kama likelemba yetu, ile tunayochangia kila mwezi, ila hapa hakuna zamu ya kupokea. Nikatia katika yote miwili. Bwana Ilunga alinionya kwamba jambo hili ni la miaka mingi, kwamba nitauona ukishuka na nisishtuke. Nikasema ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nimeshatoa kalamu kwenye mkoba.

Sasa sikieni kosa langu, ndugu zangu, na mkitaka kucheka chekeni, maana hata mimi sasa ninacheka.

Mimi nimelelewa na fungu la kumi. Mama yangu alikuwa akiuza nyanya, na kabla hajanunua chumvi, la Bwana limeshawekwa pembeni. Nami nikiuza sare, naweka pembeni. Mnajua bahasha zetu hapa kanisani, kila mmoja na jina lake, na mahali pa kuandika pato limetoka wapi. Sasa siku ile mstari walioniwekea benki kwenye simu uliponionyesha kwa mara ya kwanza kwamba nilichoweka kimeongezeka, niliruka kwenye kiti mpaka sindano ikakatika. Nikaliangalia lile ongezeko, nikatoa sehemu yake ya kumi, nikaandika kwenye bahasha: faida ya mfuko. Je, niliitoa wapi ile fedha? Niliitoa kwenye kopo la kununulia vitambaa! Maana faida yenyewe ilikuwa bado huko huko ndani ya simu. Hakuna mtu aliyekuwa amenipa kitu mkononi.

Na haikuwa mara moja. Kila mstari ulipopanda, nilitoa. Miaka minne! Tena nilikuja hapa mbele, mnakumbuka, nikashuhudia kwamba Bwana amepandisha, nanyi mkapiga vigelegele. Mama mmoja anayeuza makaa akaniomba niiombee biashara yake, nami nikamwombea nimeinua kidevu kama vile Mungu na mimi tuna siri yetu wawili. Bwana anisamehe. Nilidhani ninamsifu Mungu, kumbe nilikuwa nausifu mstari.

Mwaka huu mstari ulianguka.

Haukuanguka siku moja ukasimama. Ulishuka wiki ya kwanza, ukashuka ya pili, ya tatu ukajidai kupanda, ya nne ukashuka zaidi. Nilikuwa naamka nafungua simu kabla sijafungua kinywa kusali. Nikiukuta chini, sala inakuwa kilio. Nikiukuta juu kidogo, nasali haraka haraka naenda zangu kazini. Karakana ilinikoma! Mshonaji wangu mmoja alipindisha kola ya shati la mtoto, kosa la dakika tano kulirekebisha, nikamfokea mpaka akatoka nje kulia. Nilimwona analia, nami nikaichukua simu nikaangalia mstari.

Kisha nikaanza kutafuta dhambi. Nilijiambia, Mungu hawezi kupandisha miaka minne halafu ashushe hivi hivi bila sababu. Nikakumbuka mwezi ambao binti yangu alijifungua, nikachelewa kutoa fungu la kumi la faida. Hilo hapo! Nikatubu. Nikafunga siku tatu bila chakula. Siku ya tatu mstari ukapanda, nikaimba mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Kesho yake ukashuka chini kuliko mahali ulipokuwa kabla sijafunga.

Nikachukua mafuta ya upako, nikaipaka simu. Nimekuja kushuhudia, sifichi kitu. Niliipaka mbele, nyuma, na hata kile kitundu cha kuingizia umeme. Simu ikagoma kuchaji siku mbili. Nikaipeleka kwa fundi wa simu pale sokoni, akaigeuza geuza, akainusa, akaniuliza, “Mama, hii telefone uliikaranga?” Nikamjibu kwamba ilidondoka kwenye samaki. Kwa hiyo na uongo nao nikauongeza juu ya dhambi nilizokuwa nazo.

Wakati huo kopo la vitambaa lilikuwa limeliwa na yale mafungu ya kumi ya faida ya hewani. Wenzangu walikuwa wameanza kununua vitambaa vya sare za mwaka mpya wa shule, mimi nashika kipimo cha nguo na sina cha kupima.

Hapo ndipo shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alipokuja na habari yake. Kuna mtu anahamia Kolwezi, anauza basi lake la abiria, na bei ni ya haraka. Alitaka nitoe kila kitu benki, tununue basi, yeye atalisimamia, na siku mume wangu ataacha kazi, basi litatulisha. Shemeji si mtu mbaya, msimchukie. Alikuwa anaona nyumba ya mdogo wake inaugua, naye alileta dawa anayoijua. Akaniangalia akasema, “Bus, utaiona na macho, utaigusa na mukono. Ile ya weye ya mu telefone, ulisha kuigusa siku gani?”

Nilimgeukia mume wangu anisaidie, nikamkuta anakula akiangalia chini. Ndugu zangu, moyo wangu ulianguka kuliko mstari. Niliona kile nilichokikimbia kimeshaingia ndani ya nyumba yangu na kukaa mezani, kabla hata ya uzee. Nikasema haya, fedha nitazitoa.

Jumatatu nikaenda benki kuchukua fomu ya kutoa kila kitu. Bwana Ilunga hakunizuia. Alinisogezea ile karatasi, akasema, “Mama, ni weye unachagua. Lakini ukiitosha leo, yenye ilianguka haitarudia tena kwako.” Alimaanisha nikizitoa, hasara itabaki yangu; nikamwambia nitaileta Ijumaa imesainiwa. Sikutaka kumsikia. Nilitaka tu yale maumivu ya asubuhi yaishe, na mtu aliye katika hali hiyo angeweza kuuza hata mlango wa nyumba yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja bado, na naona haya kulisema Mchungaji akiwa amekaa hapa. Niliwaza hivi: kama faida haikuwa faida, basi fungu la kumi nililolitoa lilikuwa la kitu kisichokuwepo. Je, kanisa haliwezi kunirudishia?

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Mama Mwansa, mhazini wetu. Ndiye anayefungua bahasha zetu zote, na hajawahi kutoa siri ya bahasha ya mtu. Nilimkuta uani kwake, na rundo la mahindi aliyoyaleta kutoka shambani kwake, barabara ya Kasenga, anayapukusa. Hakuniuliza kilichonileta. Alinipa kigoda na hindi la kwanza, nami nikaanza kupukusa na kueleza, kupukusa na kueleza. Nilimwambia yote: mstari, mfungo, mafuta, basi, fomu. Alikuwa akiitikia tu, mikono yake haisimami. Nilipofika kwenye habari ya kurudishiwa fungu la kumi, mikono ikasimama. Alicheka mpaka kilemba kikamtoka.

“Ile dime yako, ile fungu ya kumi, ilisha kulipa mabati ya choo ya kanisa,” akasema. “Unataka tupande juu tutoshe mabati?”

Hata mimi nikacheka, huku machozi yananitoka. Ndipo akaniangalia, na sasa hakuwa anacheka.

“Mama Nadine, unisikie muzuri. Mwezi wa kwanza, mahindi yangu iko mu shamba, majani muzuri, iko inakomea, inakuwa mukubwa. Minatoshaka dime siku ile?”

“Apana, Mama. Unatoshaka ukisha kuvuna.”

“Na kama mvua inakatika, majani inakauka kidogo, minakuyaka ku kanisa kuomba banirudishie?”

Nikachukua hindi jingine, nikalipukusa haraka.

“Ile yako, ulisha kuivuna?”

“Bado.”

“Mutaivuna siku gani?”

“Siku Baba Nadine ataacha kazi. Miaka saba.”

“Leo muko na njaa ku nyumba?”

“Apana, Mama.”

“Sasa kesho unaenda kuvuna nini?”

Ndugu zangu, swali lile! Bwana Ilunga alikuwa ameniambia jambo lile lile miaka minne nyuma, kwa maneno ya benki, na nilikuwa nimesema ndiyo, ndiyo. Lakini pale uani, punje za mahindi zimejaa mapajani mwangu, nilijiona nilivyo. Nilikuwa mwanamke anayekwenda kung'oa mahindi yake mabichi kwa sababu ameona jani moja la manjano. Tena nilikuwa nimemtolea Mungu fungu la kumi la majani, miaka minne, nikadhani ananidai la mvua.

Mama Mwansa hakuniahidi kitu. Hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Alisema, “Miye sijue kama itapanda. Shamba yangu ilisha kufa mara mbili. Njo maana hatupandake chakula yote ya nyumba. Tunabakishaka ya kula.” Kisha akanishika mkono, mkono wake umejaa vumbi la mahindi, akasema neno ambalo nitalibeba mpaka kaburini: “Lakini Mungu, usimufunge mu ile mustari. Mungu hapandake, hashukake. Eko.”

Eko! Yupo! Nililia, ndugu zangu. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akasikia sauti ya mama yake. Miaka minne nilikuwa namtafuta Baba yangu ndani ya simu kila asubuhi, nikiona yuko juu nafurahi, nikiona yuko chini naogopa, naye wakati wote alikuwa nyumbani kwangu, mstari ukiwa juu, mstari ukiwa chini, mimi nikifoka, mimi nikidanganya fundi wa simu. Tuliomba pamoja pale pale, kwenye magunzi. Nilisikia kitu kimeshuka kutoka mabegani mwangu, na sikujua kwamba kilikuwa kizito kiasi kile mpaka kilipotoka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, nikiwa mwepesi.

Mume wangu aliporudi kutoka Luano nilimfanyia jambo ambalo sikuwa nimelifanya katika miaka yote minne. Nilimuuliza yeye anataka nini. Akasema, “Miye sitaki bus. Niliogopa tu kumuambia yaya.” Yaya ndiye yule kaka yake mkubwa. Mwanamume mzima, anavuta mizigo ya ndege, anamwogopa yaya! Nikamkumbatia pale pale jikoni. Tukaenda pamoja kumwambia shemeji, kwa heshima, na chupa ya kinywaji cha baridi mkononi. Alinuna Jumapili mbili. Ya tatu alikuja kula kwetu. Lile basi lilinunuliwa na mtu mwingine, na nasikia linafanya kazi vizuri kabisa. Sina wivu. Mungu hakuniokoa kwa sababu basi ni kitu kibaya.

Ijumaa ile ile, kesho yake baada ya kuzungumza na Mama Mwansa, nikaenda benki. Ile fomu niliiacha nyumbani. Karatasi ilikuwa nzuri, ngumu, nikaikatia kielelezo cha kola za mashati ya watoto. Nikamwambia Bwana Ilunga kwamba tunabaki. Tukakubaliana: ule mfuko wa wataalamu wanaochagua tuliuacha, tukahamishia yote kwenye ule unaofuata orodha nzima, wenye gharama ndogo. Kila mwezi nitaweka kidogo kuliko nilivyokuwa naweka, mpaka kopo la vitambaa lijae tena, na kopo jingine la ugonjwa na dharura liwe na kitu ndani. Nikamwomba anisaidie kukifuta kile kidirisha cha benki kinachoonyesha mstari kwenye simu. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, kifute kabla sijabadili mawazo! Mara moja kwa mwaka, mwezi wa kuvuna mahindi, nitakwenda kwake na mume wangu, tukae, tuangalie, tuamue tena kwa akili iliyotulia.

Na yule mshonaji wangu niliyemfokea, nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Amenisamehe, ingawa anasema kola zangu mimi ndizo zimepinda.

Ndugu zangu, sisemi kila mtu akaweke fedha yake huko. Ada ya muhula ujao, dawa ya mgonjwa, kodi ya nyumba, hizo usizipande popote. Na wewe ambaye umeweka, sikuambii kesho itapanda. Siku hizo za kujifanya nabii wa benki zimekwisha, na ninawaomba radhi wote niliowapa ushuhuda mbaya hapa mbele. Ninachokuambia ni kwamba kama kuna kitu unachokiangalia kila asubuhi ili ujue kama Mungu bado anakupenda, njoo. Kiwe ni mstari, kiwe ni uso wa bosi wako, kiwe ni namba ya wateja dukani. Njoo kwa Yesu na hofu yako jinsi ilivyo, na mafuta kwenye simu yako kama mimi. Hatakucheka. Na hata Mama Mwansa akikucheka, atakupa kigoda.

Namshukuru Mungu aliyenitafuta. Namshukuru mhazini wetu, Bwana Ilunga kwa subira yake, na mume wangu ambaye siku hizi anakula ameinua uso, ananitania, anaomba kuongezewa mboga.

Najua baada ya ibada mtanifuata pale mlangoni mniulize, Mama Nadine, sasa mstari umepanda au bado uko chini? Sijui, ndugu zangu. Kweli sijui! Leo asubuhi nimesali, nimekunywa chai, nimekuja hapa kwa miguu nikiimba, na sijui. Basi mtukuzeni Bwana pamoja nami, sote tukiwa hatujui.